Kuvumwani ya Chyulu na mfereji wa Mombasa

Jina lenyewe linatupotosha. Kuvumwani: ndani yake mna kuvu, ndani yake mna mwani, na mmea wenyewe si huyu wala si yule. Kuvu hajipikii chakula. Huishi kwa vilivyooza au kwa kuwanyonya walio hai. Mwani makao yake ni bahari. Kuvumwani ni mmea mdogo wa kijani wa nchi kavu, ule unaotanda juu ya kuta na magome yenye unyevu, una shina, una majani, na hujipikia kwa mwanga wa jua sawasawa na mwembe wa uani. Tena ni wa ukoo mkongwe mno. Mimea ilihama majini ikaja ardhini yapata miaka milioni 470 iliyopita, na kuvumwani ni miongoni mwa koo zilizoshika njia yao mapema, kabla dunia haijaona mti wala ua. Leo spishi zake zinakadiriwa kuwa 12,000 hivi.

Mtaani kwetu hata jina hilo halitumiki sana. Tunasema koga, au tunasema ukungu, neno ambalo Kiswahili kimelipa kazi mbili: ule mvuke mweupe unaotanda milimani asubuhi, na kile kinachoota juu ya mkate uliolala. Ukungu wa kwanza ndio ninaoutaka leo.

Bibi yangu alikuwa na nyumba Kibokoni, na kila mwaka alikuwa na vita na koga ya uani. Masika yakipita, ukuta uliokosa jua ulikuwa umevaa kijani kuanzia chini hadi usawa wa kiuno cha mtoto. Wajukuu tulipewa brashi za waya, tukasugua mpaka mawe ya matumbawe yakachomoza, kisha tukapaka chokaa. Mwaka wa pili kijani kilikuwa palepale. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba adui yetu hakuwa yeye. Juu ya ukuta ule palikuwa na mlizamu uliopasuka, maji yakichuruzika ndani ya jiwe msimu mzima, na kuvumwani ilikuwa imeota pale tu maji yalipopita. Ilikuwa inatuonyesha njia yao. Sisi tuliharibu plasta ya chokaa kwa waya, na baadaye wengine mtaani wakafunika kuta zao kwa saruji, ambayo hulifungia jiwe la matumbawe unyevu ndani likaoza taratibu. Nyumba za Mji wa Kale zinazodondoka vipande leo, ningependa wenyewe watazame kwanza mahali kijani kinapoanzia, wafuate kwa macho kwenda juu, wazibe bomba. Brashi ije baadaye, na iwe laini.

Nimeanza na ukuta kwa sababu ndipo watu wa kisiwani tulipojuana na mmea huu. Hoja yangu iko mbali na hapo, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake lilijengwa miaka ya 1950. Mzima hulishwa na mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu. Huko juu, kuna kazi inayofanywa na kuvumwani na jamaa zake ambayo hesabu zetu za miti haziioni kabisa, na naamini tukiendelea kutoiona tutakuja kuilipia kwa mitungi.

Ili kuelewa kazi hiyo, lazima tuangalie mmea huu unavyokunywa.

Hauna mizizi. Vinyuzi vilivyo chini yake ni vya kujishikiza kwenye gome au jiwe. Spishi nyingi hazina ile mishipa migumu inayopandisha maji ndani ya mnazi, kutoka mchangani mpaka kwenye dafu lililo mita 20 juu. Jani lake kwa kawaida ni safu moja tu ya seli. Ukiliinua juani mwanga unapita kama katika karatasi ya kishada. Basi hunywa kwa mwili mzima. Tone likigusa jani, mmea umeshakunywa. Na kilichoingia kirahisi hutoka kirahisi: hewa ikikauka, kuvumwani nayo hukauka, ikajikunja, ikageuka rangi ya majani ya chai. Mchicha ukifika hapo umekufa. Kuvumwani nyingi hazifi. Husimamisha shughuli zote za mwili, zikangoja siku, wiki, nyingine miezi. Maji yakirudi, dakika chache zinatosha kupumua kuanza tena, na baada ya muda mfupi zinapika chakula kama kwamba hapakuwa na ukame.

Maumbile haya ndiyo yanayoeleza jambo linalowashangaza wageni wa misitu yetu ya pwani. Ingia kaya za Wamijikenda, zile zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Miti ni mikubwa, kivuli kipo, mvua ya mwaka si haba. Lakini magome mengi yako wazi au yana viraka vyembamba tu. Kwa nini msitu wa joto na unyevu usijae mmea unaopenda unyevu? Jibu liko usiku. Mmea uliolowa hupumua, na kupumua hula sukari. Usiku wa pwani wenye nyuzi 24 au 25 hufanya upumuaji uende kasi hadi alfajiri, bila mwanga wa kurudisha kilicholiwa. Jua likichomoza, joto huukausha mmea kabla haujapika vya kutosha kufidia usiku. Siku baada ya siku ni biashara ya hasara, na wachache tu wanaimudu.

Panda mlima, hesabu inageuka. Kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, usiku ni baridi na upumuaji hupungua. Mchana wingu hukaa msituni, mmea unabaki umelowa huku mwanga hafifu ukiutosha. Sasa kila siku ina faida, na faida hiyo hugeuka kuwa mwili. Ndiyo maana ukifika Ngangao katika milima ya Taita, kipande cha msitu wa asili kilichobakia cha hekta 120 hivi, unakuta matawi hayaonekani gome. Yamevishwa. Kuna aina inayojitandika kama zulia, kuna inayotuna kama mto wa kulalia, kuna inayoning'inia kama ndevu za mzee. Hizo za kuning'inia, jamii kama Pilotrichella, zina majani yaliyobonyea kama vijiko yaliyopangana moja juu ya jingine, na maji hujaa katikati ya vijiko hivyo. Juu ya majani ya miti yenyewe kuna jamaa zake wadogo zaidi, bapa kama doa la rangi, wanaoishi maisha yao yote juu ya jani la mwingine bila kulinyonya chochote.

Nilishika tawi moja pale, la unene wa mkono wangu. Sikulikamua, nililibonyeza tu kwa kidole, na maji yakanitiririka mpaka kiwikoni. Mvua haikuwa imenyesha tangu tulipofika.

Kiasi gani cha maji? Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa na kipimo chetu wenyewe. Mwaka 1980 mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alichapisha vipimo alivyovifanya katika milima ya Uluguru, Tanzania. Alipima uzito mkavu wa kila kilichoota juu ya miti: kuvumwani na jamaa zake, kangaga, okidi, pamoja na mboji iliyojikusanya chini yao matawini. Katika msitu wa miteremko ya chini alipata karibu tani 2 kwa hekta. Katika msitu mfupi wa kileleni, ule unaokaa ndani ya mawingu juu ya mita 2,000, alipata karibu tani 14. Na akakadiria kwamba mzigo huo wa kileleni unaweza kushika lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja.

Mama wa Kongowea anayehesabu maji kwa mtungi wa lita 20 ataielewa namba hiyo mara moja: ni mitungi 2,500, imeshikwa juu ya miti, katika eneo lisilozidi sana uwanja wa mpira. Mto Ruvu, unaolinywesha jiji la Dar es Salaam, huanzia kwenye milima hiyo hiyo.

Sasa niwe mwangalifu, maana hapa ndipo wapenda misitu huteleza. Kuvumwani haitengenezi maji. Tena si maji yote inayoyashika yanayofika ardhini. Mengine hurudi hewani jua likitoka. Wataalamu wa maji wanasema, na ni haki yao kusema, kwamba msitu kwa jumla hutumia maji mengi kuliko majani mafupi ya malisho, na kwamba kupanda miti popote pale si dawa ya mto uliokauka. Nakubaliana nao. Lakini wataalamu hao hao huutenga msitu wa ukungu na kuupa hukumu yake. Ndani ya wingu miti hutoa jasho kidogo, kwa hiyo matumizi yake ni madogo. Na juu ya mvua inayopimwa kwa chombo cha kawaida, msitu huo huongeza maji ya ukungu, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 20 ya mvua ya kawaida, na kwenye migongo ya milima inayopigwa na upepo huwa zaidi. Wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imekatika kabisa, mgawo huo wa ukungu ndio pekee uliobaki.

Chembe za ukungu ni ndogo mno kuanguka zenyewe. Zinahitaji kitu cha kugonga. Kitambaa hunasa ukungu kuliko kigingi, na tawi lililovikwa kuvumwani ni kitambaa: maelfu ya vijani vyembamba, kila kimoja kikikamata chembe zake, mpaka zikajaa, zikaungana, zikadondoka. Mvua kubwa nayo ikija, zulia hilo huipokea kwanza na kuiachilia polepole, isipige udongo kwa kishindo na kuubeba. Kazi hii ya pili ndiyo ninayoiona kuwa muhimu zaidi kwa Chyulu. Vilima vile ni vya volkano changa, vya mawe yenye matundu, na havina mto hata mmoja juu yake. Maji hayana pa kwenda isipokuwa chini. Yanazama katika jiwe, yanasafiri gizani, yanachomoza Mzima yakiwa safi. Moto ukipita na udongo ukachukuliwa, kinachobaki juu ni mwamba mkavu unaochemka mchana, na ukungu unaupita kama abiria asiye na kituo.

Na mambo haya hayaishii kwenye maji. Ndani ya zulia la kuvumwani lenye ukubwa wa kiganja mna wanyama ambao wengi wetu hatutawaona maishani: utitiri, minyoo ya uzi, na wale viumbe wa miguu minane ambao wengi hawazidi milimita moja, wanaoweza kukauka pamoja na mwenyeji wao na kuamka naye. Mbegu za okidi, laini kama vumbi, hupata hapo mahali pa kushika. Bakteria wanaoishi kati ya majani hunasa nitrojeni ya hewa na kuigeuza mbolea. Ndege huja kuchukua vitanda vya viota vyao. Miti mingine huotesha mizizi kutoka matawini mwake ikarudi kula mboji iliyojikusanya juu yake yenyewe.

Hata uzazi wake ni mafunzo ya unyevu. Mbegu ya kiume ya kuvumwani huogelea, ina vijimkia viwili, na bila utando wa maji haifiki kwa yai. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba wadudu wadogo wa udongoni, wakitembea juu ya vishada vya kuvumwani, huweza kuibeba mbegu hiyo kwa mmea wa kike, kazi tuliyodhani ni ya nyuki na maua peke yao. Yai likirutubishwa, unaota ujiti mwembamba wenye kikopo nchani, ukisimama juu ya mama yake na kulishwa naye mpaka mwisho. Mdomo wa kikopo una meno madogo yanayojikunja na kujikunjua kufuatana na ukavu wa hewa. Spora, chembe za uzazi zilizo laini kama vumbi, hutoka kidogo kidogo, siku ambayo upepo unaweza kuzibeba. Nimekitazama kikopo hicho kwa kioo cha kukuzia, na sijapata kuona mlango uliotengenezwa kwa ustadi kiasi hicho.

Spora husafiri mbali, lakini zulia halirudi haraka. Huko Monteverde, Costa Rica, mwanasayansi Nalini Nadkarni alivua matawi vazi lake lote kisha akarudi mwaka baada ya mwaka kutazama. Matawi yalikaa uchi kwa miaka, na kurudi katika hali ya mwanzo kunahesabiwa kwa zaidi ya miaka 20. Wanaobandua kuvumwani msituni kwa magunia ili kupamba vikapu vya maua wanapaswa kuijua namba hiyo.

Hapa naifikia kampeni yetu ya kitaifa. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na mwezi Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Nilipanda. Sina ugomvi na jembe. Ugomvi wangu ni na hesabu inayosema mti ni mti. Katika milima ya Taita, sehemu kubwa ya kijani anachokiona msafiri kutoka barabarani ni mikaratusi, misonobari na misaipresi iliyoletwa kutoka nje. Kwenye ramani inaweza kusomeka kuwa msitu. Ingia ndani: mkaratusi huambua gome lake vipande vipande, na kila kipande kikianguka kinaanguka na mpangaji wake. Kuvumwani inahitaji gome linalotulia kwa miaka, lenye mikunjo, lenye kivuli chenye unyevu. Miti mingi ya asili hutoa hayo ikishazeeka. Mche wa jana hautoi, hata ukiwa wa asili, unahitaji umri. Kwa sababu hiyo hekta moja ya msitu mkongwe wa kileleni haifidiwi na hekta kumi za miche tambarare, wala haifai ziandikwe katika safu moja ya jedwali.

Watu wa pwani tumewahi kujifunza somo la namna hii. Mikoko ilikuwa kwetu boriti na kuni. Leo Gazi, kule Kwale, tangu mwaka 2013 wanakijiji wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi, na fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Chyulu nako kuna mradi wa kuuza kaboni. Nafurahi kwamba upo. Lakini kaboni hununuliwa na mtu wa mbali ambaye hatakunywa Mzima hata siku moja. Sisi tunaoinywa tumeingia wapi katika mkataba? Nairobi imejibu swali hilo kwa upande wake: tangu mwaka 2015 upo mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambapo watumiaji wakubwa wa mjini huchangia wakulima wa milimani wauzuie udongo usiingie mitoni. Mombasa, yenye kiu kali kuliko Nairobi, ingekuwa ya kwanza kuufikiria mfuko kama huo kwa ajili ya Chyulu, na kwa vilima vya Shimba pia, ambako chemchemi za Marere zimekuwa zikituletea maji tangu enzi za ukoloni. Fedha zake zingelipa walinzi wa moto, zingewapa jirani wa msitu njia nyingine badala ya mkaa, na zingelinda kwanza migongo ya vilele pale miti mikongwe iliposalia.

Kuna jambo moja zaidi linalotufunga na milima ile, nalo linatoka kwetu kwenda kwao. Unyevu wa Taita na Chyulu ni wa Bahari ya Hindi. Kusi ikivuma, hewa iliyobeba maji hupita juu ya mji wetu, ikavuka Taru na nyika ya Tsavo, ikapanda milima, ikapoa, ikawa ukungu. Utafiti wa Costa Rica uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kukata misitu ya tambarare iliyo upande wa upepo huifanya hewa iwe na joto zaidi na kavu zaidi, na wingu likifika mlimani linaundika juu zaidi ya pale msitu ulipo. Joto la dunia linasukuma upande huo huo. Kuvumwani iliyo kileleni haina pa kukimbilia juu zaidi. Kila ekari ya nyika inayogeuzwa mkaa kati ya Mariakani na Voi inaingia katika hesabu hiyo, na mkaa huo unaishia katika majiko ya Mombasa.

Ninachokiomba kwa kuanzia si kikubwa. Kipo chombo cha kupima ukungu kinachotumika duniani: fremu ya wavu wa mita moja ya mraba iliyosimamishwa mita mbili kutoka ardhini, mfereji mdogo chini yake, na dumu. Fundi wa Changamwe anaweza kuitengeneza kwa siku moja. Ziwekwe kadhaa kwenye mgongo wa Chyulu, nyingine ndani ya msitu uliosimama na nyingine pale moto ulipopita, na nyingine Shimba. Wanafunzi wa sekondari za karibu wasome dumu kila asubuhi msimu mzima wa kusi, na lita zilizopatikana zichapishwe kila mwezi nyuma ya bili yetu ya maji.